Chai ya Alasiri

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili peke yangu, kisha mara ya tatu kwa sauti chumbani kwa mdogo wangu, kwa kuwa yeye hupenda kusikia habari za watu unaowahudumia huko Uingereza, na huwaulizia hali zao kana kwamba ni majirani wa mtaa huu.

Umenieleza kwamba Bunge la huko lilipitisha sheria mwaka 2025 ya kupunguza nyongeza wanayopewa watu ambao ulemavu au maradhi yamewazuia kufanya kazi, hata ikawa wengi wanaoomba kwa mara ya kwanza kuanzia Aprili 2026 ni wa kupata kiasi cha pauni 50 kwa wiki badala ya 97. Nisikufiche, mwanzo nilicheka. Mdogo wangu, ambaye hawezi kukaa bila kuegemezwa wala kujilisha, ameandikiwa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi, na ukizigeuza ziwe pauni hazifiki 12. Lakini nilipofika pale ulipomtaja yule bibi mzee unayemwogesha, ambaye akisikia bahasha inatumbukizwa mlangoni humwomba Mungu isiwe ya rangi ya kahawia, yaani ya ofisi ya malipo, nilinyamaza, kwa sababu mama naye yuko vivyo hivyo na simu yake. Ikilia mlio wa ujumbe huacha alichokishika, akitumaini fedha zimeingia, na akikuta ni tangazo la bahati nasibu huitupa kitandani kwa hasira ambayo sijamwona nayo kwa jambo jingine lolote.

Uliniuliza kama na huku serikali imepunguza. Huko kwenu upunguzaji una tarehe na una kiwango, na watu huweza kuukabili. Wewe mwenyewe umeandika kwamba serikali ililazimika kukiondoa kifungu cha kubana malipo mengine ya ulemavu baada ya wabunge wa chama chake kukikataa. Huku kwetu hakuna aliyesimama bungeni akasema mdogo wangu apunguziwe. Fedha za watu wenye ulemavu mkubwa zilianza kutolewa mwaka 2011, na hizo shilingi 2,000 zimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, huku unga, mafuta na sabuni vikipanda bei kila uchao. Hilo nalo ni punguzo, ila ni punguzo lisilo na mwenyewe. Kisha kuna kukawia. Zikikawia, tunaambiwa hazikupotea, zinalimbikizwa tu na zitakuja zote kwa pamoja. Maneno hayo huenda yakawa sahihi katika vitabu vya hesabu, lakini nepi hazinunuliwi kwa malimbikizo.

Nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Msimu wa kusi uliopita, fedha zilipokawia kupita kawaida, mdogo wangu aliacha kunywa chai ya alasiri. Unajua alivyo na chai ya tangawizi: mama hushika kikombe, yeye hunywa kwa mrija, na hiyo ndiyo saa yake ya mazungumzo. Siku ya kwanza alisema haina sukari. Siku ya pili alisema moyo haukutaka. Siku ya nne mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai yenyewe na homa imempanda, ndipo mama alipomkalia kitako mpaka akasema. Pakiti ilikuwa imebakia na nepi tatu. Alikuwa amezihesabu kutoka pale alipolala, kwa kuwa zilikaa juu ya kabati mbele ya macho yake, akakata shauri kwamba asipokunywa hatalowa. Pakiti ya nepi kumi za watu wazima hapa kwetu hula karibu nusu ya hizo elfu mbili. Mama alizihamisha siku ile ile akaziweka nyuma ya pazia, kana kwamba dawa ni kutoziona, nami sikumwambia kitu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hasara iliyo kubwa zaidi si ya chakula wala ya nepi. Fedha zile, pamoja na uchache wake, zilimpa mdogo wangu sauti ndani ya nyumba. Siku zinapoingia ni yeye anayeagiza samaki, na haagizi ila tasi wa kupaka. Mama hutumwa sokoni na mwanawe wa kumzaa, na wote wawili huliona jambo hilo kuwa la kuchekesha sana. Zikikosekana, mazungumzo hubadilika pasipo mtu kukusudia. Tunaanza kuzihesabu gharama zake mbele yake, kwa sauti ya chini, kama kwamba asiyeweza kutembea hawezi kusikia pia. Hata mimi nimelifanya hilo, Mungu anisamehe. Na mama, aliyekuwa akiuza mahamri alfajiri kabla kazi ya kumgeuza na kumwosha haijamwelemea, sasa amerudi kukopa ada ya harusi na matanga kwa dada zake, jambo ambalo zamani angeliona fedheha. Wanaopanga bajeti hudhani wamepunguza gharama, na kumbe kazi iko pale pale, ila sasa anaifanya mwanamke mmoja bila kulipwa.

Uliniandikia pia juu ya watu wenu kuitwa tena na tena kuthibitisha ulemavu wao. Na sisi tuliitwa. Kiti cha magurudumu tulichopewa kinalala chini ya ngazi, kwa kuwa magurudumu yake madogo ya mbele huzama penye mchanga na kugonga kila kizingiti, na vichochoro vya Langoni unavijua: punda wawili waliobeba mawe wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Kwa hiyo vijana wanne walimbeba juu ya kiti cha plastiki mpaka kwenye ofisi moja, tukaambiwa anayehusika amevuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara. Tuliporudi wiki ya pili, karani alimwuliza mama kama kijana bado ni mlemavu. Mama akamjibu kwamba alikuwa akitarajia ofisi ndiyo impe yeye habari hiyo njema.

Na sisi ni watu wa mjini. Mlezi anayetoka Kizingitini au Kiunga kuja kufuatilia shughuli kama hizi hulipa nauli ya boti kwenda na kurudi, na wakati wa kusi bahari ikichafuka huenda akalala mjini kwa watu, kisha akaambiwa arudi siku nyingine.

Usidhani kwamba sheria hatuna. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu, na kifungu cha 54 kinataja heshima ya mtu mwenye ulemavu waziwazi. Kenya iliuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na Mei 2025 tukapata sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Uingereza nayo imo katika mkataba huo huo, na mwaka 2016 kamati yake iliyochunguza ubanaji wa matumizi huko ilisema imekuta ukiukaji mkubwa au wa kimfumo wa haki za watu hawa. Kwa upande wa karatasi, shoga yangu, hakuna aliyepungukiwa, wenu wala wetu.

Wiki iliyopita fedha zimeingia, za miezi minne kwa mkupuo, shilingi 8,000. Mwenye duka alikuwa akitudai 5,300 na mwenye duka la dawa 900, hivyo kabla ya magharibi zilikuwa zimebaki 1,800. Mama alitaka zote ziende kwenye nepi. Mdogo wangu akasema tasi kwanza. Walibishana mpaka nikaingilia kati nikaenda mwenyewe, nikarudi na pakiti moja na tasi wawili, na mama alikula akiwa amenuna.

Umesema unataka kututumia kitu na umeniuliza utume kwa nani. Usitume kwa mama, wala usitume kwangu. Nimemsajilia mdogo wangu laini ya simu kwa kitambulisho chake mwenyewe, na namba nitakuandikia nyuma ya karatasi hii. Hata kiwe kidogo namna gani, kipitishe huko, ili ujumbe uingie kwa jina lake na mama amsomee.

Anakusalimu sana, na anauliza kama yule bibi wa bahasha anakunywa chai.

Wasalaam,
Shoga yako wa Langoni