Risala ya Klabu ya Mazingira na Malikale kwa Mgeni Rasmi: Visiwa Vilivyo Mbele ya Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi wetu, wazee wa mtaa mliotuheshimu kwa kufika, wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Kwa niaba ya wanaklabu wote tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ukisimama Raskazone jioni unaviona visiwa vyetu bila kutafuta. Toten upo ndani ya ghuba, Ulenge una mnara wake wa taa, na kusini zaidi wapo Jambe na Karange. Wengi wetu tumezaliwa tukiviona, ila ukituuliza nani aliishi huko, au mawe yake yametoka wapi, tunanyamaza. Klabu yetu ilianza kwa sababu ya kunyamaza huko.

Tulianza na somo la jiografia. Katika kipindi cha baridi kuu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilishuka takriban mita 120 chini ya ilivyo leo. Mkondo wa Unguja haufiki kina hicho, kwa hiyo Unguja ilikuwa imeungana na bara, na wanyama walivuka kwa miguu. Ndiyo maana Unguja kulikuwa na chui. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha zaidi ya mita 700, na hata maji yaliposhuka vile, Pemba ilibaki kisiwa. Chui hakufika. Waliofika kwa mabawa walikaa peke yao muda mrefu hadi wakawa viumbe wasiopatikana kwingine duniani, akiwemo popo mkubwa wa Pemba, ambaye aliwahi kukaribia kutoweka na ameongezeka tena baada ya wanavijiji wenyewe kuyalinda makazi yake. Sisi wa Tanga tunavuka kwenda Pemba kutembelea ndugu, lakini ni wachache wanaojua kwamba chini ya chombo chetu kuna bonde refu namna hiyo.

Visiwa vyetu vya karibu vimejengwa na matumbawe. Ni mwamba uliotengenezwa na wanyama wadogo sana wa baharini, kizazi juu ya kizazi, kisha ukabaki juu bahari iliposhuka. Hapa ndipo, kwa maoni yetu, mazingira na malikale vinapokuwa kitu kimoja. Wazee wetu walijenga kwa mwamba huohuo, wakachoma chokaa kwa matumbawe hayohayo, wakaezeka kwa boriti za mikoko. Kisiwani Toten kuna magofu ya misikiti na makaburi. Kule Tongoni, kusini mwa jiji, kuna msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Tulipokwenda Tongoni mwalimu alituambia tusogeze uso karibu na jiwe lililochongwa. Tukaona vijitundu vya tumbawe vimepangana kama sega la asali, safi kabisa, pembeni ya mstari ulionyooshwa na fundi zaidi ya miaka 500 iliyopita. Juu ya nguzo kuna vishimo vilivyowekwa bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Bakuli hazipo tena. Na kwenye ukuta mmoja tulikuta majina ya watu yameandikwa kwa mkaa, jambo lililotuumiza sana, kwa sababu pale ni makaburini, na bado wapo wanaokwenda kuwaombea waliolala.

Vasco da Gama alipita kwenye maji haya, na mwaka 1499, akiwa njiani kurudi Ureno na mabaharia wake wengi wamekufa, aliichoma moto merikebu yake São Rafael kwenye miamba ya upande huu. Vitabu vinamtaja yeye. Aliowakuta hapa, wenye misikiti yao na biashara yao, hawatajwi, na sisi tunataka watajwe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, bahari hii ina mkazi mzee kuliko magofu yote. Ni samaki aitwaye silikanti, ambaye alidhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, hadi aliponaswa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga wavuvi walianza kuwapata kwenye majarife yaliyotegwa maji ya kina mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 Serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 unaonyesha kuwa anaweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Jarife moja likimnasa jike mwenye mimba, hasara yake haifidiki katika umri wa mvuvi huyo. Nao uvuvi wa mabomu, ambao ulitutia aibu kwa miaka mingi, huvunja kwa sekunde tumbawe lililokua kwa miongo.

Mfano unaotuhuzunisha zaidi ni Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walipanda kutaga kwa wingi. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na leo maji yakijaa kisiwa chote kinafunikwa. Kasa bado wanakuja. Wanataga kwenye fungu la mchanga ambalo maji yatalifunika, na watu wa uhifadhi huyahamisha mayai hadi ufuko wa Ushongo ili yaanguliwe. Tunawapongeza sana wanaofanya kazi hiyo usiku.

Tunalo ombi kubwa na dogo. Kubwa ni kuhusu wazee. Manahodha, mafundi wa mitumbwi na akina mama wanaofuata pweza maji yakitoka wakati wa bamvua wanajua majina ya miamba, ya pepo zinazovuma na ya mikoko, mkandaa na mchu na mlilana, na hakuna aliyeyaandika kwa ajili yetu. Tunaomba vinasa sauti viwili na kibali cha kukaa nao siku za mapumziko. Wazee waliopo hapa leo wamekwisha kukubali.

Dogo ni boti. Wanaklabu hawajawahi kukanyaga Toten, kisiwa wanachokiona kila siku. Tunaomba utusaidie kupata boti salama yenye majaketi ya kuokolea kwa kila mtoto, na utuombee ruhusa kwa wenye mamlaka ya hifadhi na malikale. Mwalimu wa historia na mwalimu wa baiolojia wameshapanga masomo ya siku hiyo, nasi tungependa twende kabla ya kusi kuanza kuvuma.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.