Kabla hamjachanga fedha za ile picha

Sahibu yangu mpenzi,

Barua yako niliipata juzi, nikaisoma mara mbili. Pole sana wewe, pole kwa mama, na pole zaidi kwa mdogo wako, maana katika kurasa zote nne hukuniandikia hata neno moja alilolisema yeye. Nitarudi hapo.

Unauliza: daktari amezungumza naye saa moja, hakumpima kwa mashine yoyote, kisha akaandika "skizofrenia", ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwapo. Amejuaje? Na je, mchange fedha apigwe ile picha ya ubongo yenye rangi inayotangazwa, ili mjue kwa hakika?

Kwa lengo hilo, msichange. Mpaka leo hakuna picha ya ubongo inayoweza kuthibitisha kwamba mtu fulani ana skizofrenia, wala sonona kama yangu. Daktari hutambua kwa kusikiliza na kuuliza: sauti zilianza lini, usingizi ukoje, amejitenga na nani. Kisha hulinganisha na vigezo, kama vile vya ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022. Hata penye mashine za kila namna hufanya vivyo hivyo.

Si kwamba mashine hazioni kitu. Mwaka 1976, huko London, Eve Johnstone na wenzake waliona kwamba vyumba vya maji ndani ya ubongo vilikuwa vikubwa zaidi kwa wagonjwa wa skizofrenia waliowapima kuliko kwa watu wengine, na tofauti hiyo imeonekana tena na tena tangu hapo. Lakini ni tofauti ya wastani wa kundi. Ukiniambia kuna mtu ana urefu wa sentimita 170, nitajuaje kama ni mwanamume au mwanamke? Vinasaba navyo ni hivyo hivyo: utafiti mkubwa wa 2022 ulikuta maeneo 287 yanayohusiana na ugonjwa huu, kila moja likichangia chembe tu. Picha ya mdogo wako inaweza kurudi safi kabisa naye bado anasikia sauti, halafu watu wa nyumbani waanze kusema anajifanya. Hilo naliogopa kuliko fedha mtakazopoteza.

Sasa nisikilize vizuri. Umeandika, katikati ya habari za fedha, kwamba yote yalianza ndani ya wiki mbili, kwamba kabla yake alikuwa na homa na kichwa kikali, na kwamba siku moja "alikakamaa akadondoka". Mstari mmoja tu! Mimi huo mstari ndio ulionikosesha usingizi.

Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa waliouona kwa wanawake 12. Walikuwa wameanza kubadilika tabia na kuona au kudhani mambo yasiyokuwapo, wengi wakapata degedege. Chanzo kilikuwa kinga ya mwili yenyewe, iliyotengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, sehemu ambazo seli za ubongo hupokelea ujumbe. Karibu wote walikuwa na uvimbe kwenye ovari, na uvimbe huo ndio uliochokoza kinga. Leo inajulikana kwamba huwapata hata wanaume na watoto, na mara nyingi bila uvimbe wowote. Ukitambuliwa mapema, mgonjwa hupewa dawa za kutuliza kinga, na wengi hupona.

Kipimo chake ni maji ya uti wa mgongo na damu, pamoja na EEG, ile ya kubandika nyaya kichwani. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ina kazi yake pia, kutafuta uvimbe au athari nyingine kwenye ubongo, ingawa katika ugonjwa huu mara nyingi huonekana ya kawaida. Sisemi ndio alio nao. Huenda siyo. Wala simlaumu daktari. Kama hakuambiwa habari ya kudondoka, angeijulia wapi?

Nikiwaza haya naona ajabu moja. Zamani hospitali za vichaa zilikuwa na wagonjwa wengi wa kaswende iliyofika ubongoni. Mwaka 1913 watafiti Noguchi na Moore wakawaona vijidudu vyenyewe ndani ya bongo za marehemu, baadaye ikaja penisilini, na ugonjwa ule ukahama kutoka kwa madaktari wa akili. Ugonjwa ukijulikana sababu, huhama. Madaktari wa akili hubaki na yale ambayo bado hayajajulikana, kisha tunawacheka kwamba hawajui.

Na ikiwa ni skizofrenia kweli? Dawa zipo. Ile ya kwanza, klopromazini, ilitoka kwenye mambo ya nusukaputi ya upasuaji, na madaktari Delay na Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Tangu hapo dawa zote za skizofrenia zilikuwa zikigusa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, hadi Septemba 2024 Marekani ilipoidhinisha ya kwanza inayopita njia nyingine, zanomelini ikiunganishwa na trospiamu. Nayo ilianza kama dawa ya kumbukumbu za wazee! Ilikuwa ikisumbua tumbo, ndipo wakaiongezea trospiamu, dawa ya kibofu isiyoingia ubongoni, ili izuie madhara huko chini na kuuachia ubongo upate dawa yake. Naipenda sana hila hiyo.

Mimi vidonge vyangu vya sonona niliambiwa vinajaza serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, iliyopungua. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wakapitia tafiti, hawakupata ushahidi thabiti wa upungufu huo. Nilikasirika wiki nzima. Lakini naendelea kuvimeza, kwa sababu mimi vimenisaidia, hata kama nilipewa hadithi nyepesi mno.

Kwa hiyo kesho asubuhi rudini kwa daktari. Mwambieni tarehe homa ilipoanza na siku aliyodondoka, na muulizeni wazi kuhusu kingamwili, kifafa, kaswende na tezi ya shingo. Dawa alizopewa msizikatishe wenyewe. Na akidondoka tena, au akishindwa kuongea, msingoje asubuhi.

Usiku huu kaa naye, umuulize zile sauti zinamwambia nini. Niandikie majibu yake, kwa maneno yake.

Mama msalimie sana.

Wako wa siku zote