Kwa mwanangu, kuhusu yule bibi wa Kiajemi wa Kidichi

Mamaangu, meseji yako nimeipata na zile picha alopiga shoga yako kule Kidichi, hapa Unguja, kwenye mahamamu, yale majumba ya kukogea ya kale, nimeziona, nzuri, sina la kusema, shela limetanda mpaka mlangoni. Lakini nilipofika pale ulipoandika eti na nyie mnataka kupiga palepale kwa vile ndo alama ya mapenzi ya Seyyid Said, yule sultani wa Oman na Unguja, na mkewe wa Kiajemi, nikacheka mpaka babaako akaja kuuliza kulikoni. Mwanangu, ile ndoa ilivunjika! Tena ilivunjika vibaya.

Wale wanaotembeza watalii wanasema nusu tu, alimjengea kwa mapenzi, basi, wanahamia kwenye mashamba ya viungo, mdalasini. Nyumba yenyewe aloingia huyo bibi hawakwambii ilikuwaje.

Seyyid alikuwa na mke tayari, Bibi Azza bint Seif, wa ukoo wake wa Oman. Mfupi, uzuri hakuwa nao wa kutajwa, ila pale Mtoni, kasri ya Seyyid, ye ndo mwenye amri, watu wazima wanamwogopa na Seyyid neno lake halikatai. Hakujaaliwa mtoto. Watoto 36 aloacha Seyyid alipofariki 1856 wote wa masuria. Haya, kwenye nyumba hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1840, akaletwa Shahrzad, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, binti mdogo, mume kashapita 50. Mie naona siasa ilikuwemo ndani, maana Seyyid alikuwa anaishika bandari ya Bandar Abbas kwa kuikodi kwa Waajemi na ukwe na watu wa kule ulikuwa na faida yake, lakini hilo ni langu mie usende ukalisema mbele za watu.

Sasa bibi kaja na mambo ya kwao. Kaja na wapanda farasi 150, wanakaa vyumba vya chini, na mchana kweupe anatoka nao anapanda farasi anakwenda kuwinda, na wenyeji wake Waarabu ambao mke wa mfalme hata sauti yake haitakiwi isikike nje! Nguo zake zimetariziwa lulu za kweli, zikidondoka mjakazi akaziokota akamrejeshea, hazipokei, chukua wewe. Unafikiri ndani ya nyumba yenye masuria wale wote na Bibi Azza juu yao watu walimtazama kwa jicho gani?

Mahamamu yenyewe ni ya 1850. Kule juu ukishapita Bububu kulikuwa na mashamba ya mikarafuu ya Seyyid, wakitoka kuwinda ndo wanapumzika na kukoga. Na ukienda usitazame kamera tu, tazama ukutani, zile nakshi za chokaa ni kazi ya Kiajemi, maua, mitende, na ndege. Ndege! Kwenye nyumba ya Muomani wa madhehebu ya Ibadhi, ambao kuchora chenye roho hawakitaki kabisa. Kwa hiyo mapenzi yalikuwepo sikatai, mtu hakuachii ukamchoree ndege ukutani kama hakupendi.

Ila inasemekana Shahrzad moyo wake alishaupeleka kwa mtu mwengine kabla hajaja Unguja, na kwa Seyyid kaolewa kwa ajili ya cheo na mali tu. Siku moja bibi karudi kutoka kwenye matembezi yake, Seyyid hasira zimempanda nusura amuue, mtumishi wake mmoja akauwahi mkono. Wakaachana hapo, hawakuwa na mtoto, bibi akarudi kwao.

Na haya yote nani katwambia? Bibi Salme, binti wa Seyyid kwa suria wa Kicherkesi, watu wa milima ya Kaukazi. Kazaliwa Mtoni 1844, kwa hiyo mambo haya yanatokea yeye bado mdogo kabisa, alokuja kuyaandika Ujerumani, kitabu kikatoka 1886, mengi lazima ni yale alosikia wakubwa wanayasema barazani. Nampenda sana Salme, na yeye mwenyewe alikimbia Unguja 1866 na mimba ya Mjerumani na watu wakamsema miaka, ungedhani atamwonea imani mwenzake, wapi, kamsema kama walivyomsema wote. Hebu fikiria wifi zako watarajiwa ndo waandike peke yao wewe ulikuwa mke gani. Shahrzad hatuna barua yake hata moja ya kutwambia usiku wa Mtoni ulikuwaje kwa mtoto wa watu asojua hata lugha ya nyumba.

Mwisho wake ndo unaotugombanisha mie na babaako. Miaka michache baadae Waajemi na watu wa Oman wakapigana Bandar Abbas, na Salme kaandika kwamba ilisemwa Shahrzad alionekana upande wa Waajemi, kashika bunduki anawalenga jamaa zake Seyyid. Babaako anaamini kila neno, anasema mwanamke alowinda Unguja mchana kweupe hashindwi na hilo. Mie nasema walokuwa wakitolewa bandarini na moshi wa baruti umewajaa machoni, nani kati yao alikuwa na nafasi ya kumtambua mwanamke alokuwa anaishi ndani kwa Seyyid? Wanaume wakishindwa vita lazima wamtafute mtu wa kumsema, na wa karibu alikuwa mtalaka.