Mdogo wangu, mrudishie Mama dumu lake

Mdogo wangu,

Simu hupokei, basi soma hapa pamoja na watu.

Siku ya arobaini ya Mjomba uliiona kwenye video tu, ila ulichokisema tulikisikia sote. Mama kashika dumu la lita kumi, maji nusu, nawe ukapaza sauti mbele ya wakwe: "Mnamfanya mama yangu punda!" Akaliweka chini. Ukaajiri binti wa kuchota, kufua na kufagia. Leo, miezi minane baadaye, Mama akikaa mkekani ananyoosha mikono ainuliwe kama mtoto. Hilo limenikaa kooni.

Najua ulifanya kwa mapenzi, na mshahara wa binti hujauchelewesha hata mara moja. Lakini msuli wa mzee hauneemeki kwa kupumzishwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya kitandani kwa siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo nzima ya nyama. Uzeeni nyuzi za kasi, zile za msuli zinazokaza haraka, ndizo zinazosinyaa zaidi, nazo ndizo zinazomwinua mtu kutoka chini na kumdaka akijikwaa.

Hapo Minneapolis unapoishi, mji wa Rochester ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Huko, katika hospitali ya Mayo Clinic, mtafiti Sreekumaran Nair na wenzake waliwafanyisha mazoezi kwa wiki 12 vijana wa miaka 18 hadi 30 na wazee wa miaka 65 hadi 80, wote watu wasio na mazoea ya mazoezi. Kundi moja liliendesha baiskeli siku tatu kwa wiki: dakika 4 za kukazana mpaka pumzi inakata, dakika 3 za kulegeza, mara nne, na siku nyingine mbili wakatembea. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Uwezo wa mitokondria, vile vijiwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, kutengeneza nishati ulipanda kwa asilimia 49 kwa vijana na asilimia 69 kwa wazee. Waliobeba vyuma peke yake walipata nguvu, ila mitokondria zao hazikupanda hivyo. Kwa hiyo Mama anahitaji vyote viwili, mzigo na kuhema.

Mitokondria hupimwa kwenye kipande cha nyama kilichotolewa pajani kwa sindano nene, kikawekwa kwenye barafu na kupimwa kingali kibichi. Kikigandishwa, utando wa mitokondria unapasuka. Sasa yule muuza virutubisho uliyemtuma, aliyemshikisha Mama kifaa kiganjani akidai anapima mitokondria, alipima nini? Na vidonge vyako vya vitamini C na E: mwaka 2009 Ujerumani, vijana waliovimeza wakati wa mazoezi walikosa sehemu ya faida ya mazoezi yenyewe. Mama si kijana, lakini usitume tena.

Sasa sikiliza. Kiti kisicho na mikono, mgongo wake ukutani, mito miwili juu. Mikono kifuani. Ainuke mara 8, ashuke taratibu akihesabu tatu, apumzike dakika 2, arudie mpaka zitimie awamu tatu. Siku tatu kwa wiki, asiunganishe siku mbili. Akifika 12 bila taabu, toa mto mmoja. Mito ikiisha, akumbatie paketi ya sukari ya kilo 2. Wengi hukwama hapo, wanabaki na uzito ule ule miezi mitatu kisha wanasema mazoezi hayafai. Asibane pumzi, presha itaruka. Ahesabu kwa sauti. Magoti yasigongane. Chai na mkate havimtoshi: kwa kilo zake 58 anahitaji gramu 58 hadi 70 za protini kwa siku. Yai lina 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Figo zipimwe kwanza.

Ukisema ni mzee mno, Boston mwaka 1990 watu kumi wa miaka 86 hadi 96 walianza kunyanyua uzito kwa miguu. Tisa walimaliza wiki nane, na nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Mama ana 74.

Tena lile dumu aliliomba mwenyewe, hakubebeshwa na mtu. Ungemuuliza angekwambia.

Binti abaki, tuma mshahara wake kama kawaida. Ila maji ya chai achote Mama, lita 2 kwa kuanzia. Tumemsihi, hataki. Anasema aliyemkataza ndiye amruhusu.