Laini mbili, nguzo moja

"Fundi, laini mbili nalipia kila mwezi, na leo tumekaa tangu asubuhi hatuna intaneti. Hela yangu umeila." Aliyenipigia ni mzee mmoja mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na si wa kwanza kuniambia hivyo mwaka huu. Nikamwamkia, nikamwacha aseme yote, kisha nikapanda bodaboda.

Kazi ile niliifunga mwenyewe: ruta mbili, kampuni mbili, faiba moja ikiingilia barabarani na nyingine uani. Nilipofika, ya uani haikuwepo. Mzee alipata kampuni ya bei nafuu, akahamia huko bila kuniuliza, na kebo yao ikapitishwa kwenye nguzo ileile ya mbele. Lori likaing'oa nguzo, laini zote mbili zikaondoka nayo.

Wateja, ankara mbili si njia mbili. Kampuni ya pili huenda imekodi faiba ya kampuni ya kwanza. Kabla ya kusaini, uliza kebo inapita nguzo ipi au mtaro upi, na inatoka nchini kwa mkongo gani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini siku moja, na Tanzania nzima ikahisi. Aliyekuwa na kampuni mbili zinazotegemea mikongo hiyohiyo alikuwa amelipia jina tu.

Lakini hata njia zikiwa mbili kweli, kuna ujanja unaowaponza wengi: kununua laini ya pili na kumwita kijana aichomeke kwenye ruta kwa hela ya soda. Ruta ambayo haijafundishwa inaangalia waya wake tu. Faiba ikikatika kilomita tatu mbele, waya kati ya ruta na kile kiboksi cha faiba ukutani bado unaonekana mzima, na ruta inaendelea kumwaga data shimoni. Mimi naipangia itume pakiti ndogo ya kuulizia kwenye anwani za mbali, zaidi ya moja, kila baada ya sekunde chache. Zote zikinyamaza, ndipo ihamie laini ya pili.

Na hapo pana mtego. Pakiti hiyo lazima ifungwe kwenye laini ya kwanza peke yake. Zahanati moja iliniita kwa sababu mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kila dakika. Fundi aliyetangulia hakuifunga. Laini ya kwanza ikifa, pakiti ilipita ya pili, ikajibiwa, ruta ikadhani kumepona, ikarudi kwenye laini iliyokufa. Walisumbuka hivyo wiki nzima. Mimi nilirekebisha kwa mistari miwili ya maagizo kwenye ruta.

"Kwa nini ruta mbili?" Kwa sababu ruta nayo inakufa. Kwa VRRP, utaratibu wa ruta kupokezana kazi, zinashirikiana anwani moja. Kubwa ikinyamaza kama sekunde tatu, ndogo inashika, na kompyuta za ofisini hazibadilishi kitu. Ila hoteli moja walizichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja chini ya meza, na mfanya usafi akaing'oa achomeke mashine yake. Ndiyo maana bei yangu ina umeme wa kila ruta na UPS yake, yaani betri ya akiba.

Nisichouza ni ahadi kwamba hutahisi kitu. Laini ikihama, anwani yenu ya nje inabadilika, kwa hiyo simu ya mtandaoni na VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi, zitakatika na kuunganishwa upya. Kulizuia hilo kunataka anwani zenu wenyewe, 256 kwa uchache, na BGP, lugha ya ruta za kampuni kuelezana njia za anwani, kwa kampuni zote mbili. Ofisi ya watu kumi siwezi kuitoza hela hiyo.

Mnayotaka sana niifute kwenye bei ni siku ya majaribio, nami siifuti. Naja Jumamosi, nang'oa kebo moja moja mbele ya mwenye ofisi, kisha nazima ruta moja moja. Siku kama hiyo tuligundua modemu ya akiba ya duka moja la jumla ilikuwa na kifurushi kilichoisha miezi minne nyuma. Taa zilikuwa zinawaka vizuri tu.

Mzee wa bandarini ameshairudisha ile laini ya uani. Jumamosi hii saa tatu asubuhi niko kwake, na kebo ya kwanza nimemwomba aing'oe kwa mkono wake.