Kwa nini bomba lako tumelisugua kwa brashi ya plastiki

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Njombe alinipigia simu kwa hasira. Vijana wangu walikuwa wametoka tu kusafisha bomba la moshi la jiko lake la kuni, naye aliwaona na brashi ya plastiki. "Fundi, nimelipa elfu sabini, halafu mnanisugulia kwa kitu kama cha kuoshea chupa?" Si wa kwanza. Kila Juni baridi ikikaza, malalamiko ni hayo hayo: plastiki ni utapeli, waya ndiyo kazi.

Sisi brashi tunaichagua kwa kuangalia bomba. Dohani ya matofali tunaipitisha waya wa chuma, kwa sababu ndani inakwaruza na masizi hung'ang'ania kwenye maungio. Ikiwa ya pembe nne, brashi nayo iwe ya pembe nne, maana ya duara huacha kona zote zimejaa. Bomba la stenlesi halitaki hivyo. Waya wa chuma cha kawaida hulichubua na kuacha chembe zake humo, chembe zinashika kutu, na kutu inaanza kula bomba ulilolinunua kwa bei mbaya ili lisishike kutu. Bomba la mama yule ni stenlesi. Plastiki ngumu inayolijaa sawasawa huondoa masizi yote makavu, na nilimrudia na tochi akajionea mwenyewe.

Kipimo ndicho kinachowaumiza watu zaidi. Mteja wetu mmoja wa Makete aliona bei yetu kubwa, akaagiza brashi yake ya waya. Bomba lake ni la kuta mbili, lenye sufi ya kuzuia joto katikati: nje inchi 8, ndani inchi 6. Akapima nje. Brashi ya inchi 8 wakaisukuma wawili kwa nguvu, ikaingia futi chache ikagoma. Na waya ukishalala upande mmoja hauko tayari kugeuka katikati ya bomba. Ukianza kusukuma, sukuma mpaka brashi itokeze upande wa pili ndipo uirudishe. Wao wakavuta, wakazungusha rodi, zile fimbo za kusukumia brashi zinazoungwa kwa skrubu, kushoto, zikafunguka. Brashi na rodi mbili zikabaki ndani. Tulishinda juu ya paa kutwa nzima tukifungua bomba kipande kwa kipande, na alilipa zaidi ya mara tatu ya ile bei aliyoikimbia. Rodi huzungushwa kulia tu, upande wa kukaza. Kijana wangu hajaanza kazi mpaka ameniambia hilo kwa mdomo wake.

Njia nyingine ya mkato ni kushusha jiwe kwenye mnyororo ndani ya dohani. Jiko la shule moja tulilikuta linavujisha moshi ukutani: jiwe lilikuwa limepasua mabomba ya udongo yaliyojengewa ndani. Wapishi walikuwa wanakohoa muhula mzima.

Kuna uchafu ambao hakuna brashi inayoutoa, na hapo nasema wazi kabla ya kupokea pesa. Masizi yakigeuka lami nyeusi inayong'aa kama rangi ya mafuta, kusugua ni kupoteza muda, nayo ndiyo huwaka na kuunguza paa. Watu husingizia kuni za paini. Paini iliyokauka haina neno, na hata kuni mbichi za miwati zitakuletea lami ile ile, hasa ukiubana mlango wa jiko moto ufukute usiku kucha. Kuni zikaushwe mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Masizi yakifika unene wa milimita 3, tuite, usingoje yawe lami.

Elfu sabini inalipa watu wawili, kamba za paani, turubai la kuziba mdomo wa jiko ili sebule isijae vumbi, na brashi ambayo haijachakaa. Brashi iliyolala hupita bila kugusa kitu, kwa hiyo zetu tunazitupa mapema.

Ukipiga simu, tuambie kipimo cha ndani, kama bomba ni la duara, na limetengenezwa kwa nini. Jiko lizimwe tangu jana yake mchana, kwa sababu plastiki ikikutana na bomba la moto inayeyuka humo humo.