Barua kwa Sahibu Yangu Kuhusu Tangi la Pili

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya Alasiri

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako ya juma lililopita ilinikuta nimelala chini ya gari, mikono imejaa grisi, kwa hiyo mke wangu ndiye aliyenisomea. Alipofika mahali ulipoandika kwamba umepata fundi wa kukutengenezea tangi la lita 180 kwa ajili ya safari ya Turkana, alisita kidogo akaniuliza kama shemeji yake anataka kusafiri au kufungua kituo cha mafuta. Nilicheka, lakini swali hilo limekaa nami tangu siku hiyo, na ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu kabla hujamlipa huyo fundi arubuni.

Magari yetu ni ndugu wa tumbo moja: Land Cruiser ya mfululizo wa 80, injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na tabo, na tangi la kiwandani la lita 95. Unasema lako linakula lita 12 kwa kilomita 100, nami ninakuamini, ila hiyo ni hesabu ya lami. Mwaka juzi nilijaza langu mpaka shingoni, nikaandika kilomita kwenye daftari, nikaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Buchuma na kuzunguka siku tatu. Njiani kwenda gari lilikula lita 12 na nusu. Ndani ya mbuga ilikuwa 17. Siku moja tuliyoshinda kando ya mto Galana, tukivuka mikondo mikavu ya mchanga kwa gia nzito huku matairi yamepunguzwa upepo, ilifika 22. Fanya jaribio kama hilo huko kwenu kwanza, ukiwa na mzigo wote utakaoubeba, kwa sababu tangi linalopimwa kwa lita 12 na tangi linalopimwa kwa lita 20 ni matangi mawili tofauti kabisa.

Kwa safari yako, kutoka Marsabit kupitia jangwa la Chalbi na North Horr mpaka Sibiloi na Illeret, usitegemee kituo chenye pampu. Mafuta ukiyapata yatakuwa ya kwenye pipa, kwa bei ya mwenye pipa. Ukihesabu na mizunguko, na kurudi nyuma pale mvua itakapokuwa imeigeuza Chalbi kuwa tope, weka kilomita 700. Kwa lita 20 kwa kila kilomita 100 hiyo ni lita 140, ongeza robo yake iwe akiba, unapata 175. Lita 95 unazo tayari. Unazokosa ni 80, si 180.

Na hizo mia za ziada si bure, ndugu yangu. Lita moja ya dizeli ina uzani wa gramu 840 hivi, kwa hiyo lita 180 ni kilo 150 kabla hujapima chuma chenyewe, na zote zitaning'inia nyuma ya ekseli pale ilipokaa spea. Ni sawa na kuwakalisha watu wazima wawili juu ya bampa la nyuma safari nzima. Springi zitalala, stering itakuwa nyepesi mikononi, na usiku taa zako zitamulika vilele vya minazi.

Njia ya rahisi ni madumu manne ya chuma ya lita 20, na sitaidharau, maana mimi mwenyewe bado ninabeba mawili. Usiyaweke juu ya paa, ambako kila dumu ni kilo 20 na zaidi zinazoyumba mahali pabaya kuliko pote, na usiyaweke ndani mnamolala na watoto. Ila madumu manne ni mengi kuyainua na kuyamimina kwenye upepo wa Turkana, ambao utakumwagia dizeli viatuni na mchanga tangini. Kwa hiyo tangi la pili ninaliunga mkono. Ninachokupinga ni kuhangaikia ukubwa wa tangi na kumwachia fundi habari ya mipira ya kupitishia mafuta, wakati ubaya wote unatokea kwenye mipira.

Nikusimulie langu. Gereji moja ya hapa mjini ilinifungia tangi la lita 90 pamoja na vali ya umeme yenye swichi kwenye dashibodi: ukibonyeza huku, injini inavuta tangi kubwa, ukibonyeza kule, inavuta tangi la pili. Nilijaza yote mawili pomoni nikaondoka alfajiri kuelekea Voi, na nilipopita Mazeras, kwa kujionyesha tu, nikabonyeza swichi. Gari halikukohoa hata kidogo. Kabla ya kufika Taru dereva wa lori aliyekuwa akija aliniwashia taa akanyoosha kidole nyuma yangu. Niliposimama, ubavu wote wa nyuma ulikuwa umelowa, tairi linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi, na dizeli ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye bomba la kupumulia la tangi kubwa, lile ambalo nilidhani silitumii. Kwa kilomita hamsini hivi nilikuwa ninainyunyizia barabara ya Mombasa mafuta niliyoyalipia, na Mungu alimnusuru kila mwenye pikipiki aliyepita nyuma yangu.

Sababu yake ni hii. Pampu ya injini zetu huvuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa. Yanayobaki huipoza na kuilainisha, kisha hurudi tangini kwa mpira wake wa peke yake. Yule fundi aliweka vali ya njia tatu, ambayo ilibadilisha mpira wa kuvutia peke yake, na mpira wa kurudishia akauacha ulipokuwa. Nikawa ninavuta kutoka tangi la pili na kurudisha katika tangi kubwa lililojaa, ambalo halikuwa na pa kuyaweka isipokuwa barabarani. Fundi wako akikutajia vali, muulize ina matundu mangapi. Akisema matatu, mshukuru kwa chai uondoke. Inayotakiwa ni ya matundu sita, inayohamisha kuvuta na kurudisha kwa pamoja.

Mimi niliiondoa vali kabisa. Sasa injini inavuta na kurudisha katika tangi la kiwandani tu, kama Toyota walivyokusudia, na tangi la pili lina pampu ndogo ya umeme inayolihamishia mafuta lile kubwa geji ikishuka nusu. Hasara yake ni kwamba ukisahau kuizima utarudi palepale pa Taru, basi nimeifungia taa nyekundu usoni pangu na swichi inayojizima yenyewe baada ya muda. Pampu ikifa jangwani, kuna nati ya kumwagia chini ya tangi, na dumu tupu litafanya kazi iliyobaki.

Jambo la pili la kumbana fundi ni chuma. Sisi watu wa pwani, kwa vile chumvi inakula kila kitu, hukimbilia mabati, na kwa tangi la maji ni sawa. Kwa dizeli sivyo, kwa sababu zinki ya mabati huyeyuka kidogo kidogo ndani ya mafuta na kwenda kugandamana kwenye injekta. Taka chuma cheusi cha milimita 2, kipakwe rangi nje tu, chenye kuta za ndani zenye matundu ili mafuta yasipige mawimbi kila unapofunga breki. Kiwe chuma kipya: tangi kuukuu lililowahi kubeba mafuta lisichomelewe, maana mvuke uliobaki humo unaweza kuua mtu. Bomba la kupumulia lipandishwe juu kuliko shingo ya kujazia, liwe na vali ya kuzuia mafuta gari likipinduka. Kabla halijafungwa, litiwe upepo wa pauni 3, si upepo wa tairi, na maungio yote yapakwe povu la sabuni mbele ya macho yako. Langu lilitoa mapovu mahali pawili, na lilikuwa limekwisha pakwa rangi. Usilijaze mpaka ukingoni pia. Mafuta ya alfajiri yakipata joto la nyuzi 20 zaidi mchana, lita 80 huongezeka kwa zaidi ya lita nzima.

Ekzosi iwe mbali, spea ihamie kwenye mkono wa chuma wa kuibebea mlangoni nyuma, na mwarifu mwenye bima wako kwa maandishi. Hayo hayahitaji maelezo.

Nina ombi moja. Badala ya kufanya kazi hiyo huko Nakuru, lilete gari hapa Mombasa mwezi ujao. Yule aliyenirekebishia yuko tayari, na bei ya dizeli kwetu kwa kawaida iko chini kidogo kuliko ya huko bara, kwa kuwa meli zinaishushia hapa hapa Kipevu, kwa hiyo utarudi na matangi mawili yaliyojaa. Kabla ya kuja, toa spea, lala chini na futi, unipimie upana baina ya reli mbili za chesi, urefu kutoka ekseli mpaka bampa, na kimo kutoka sakafu ya gari mpaka pale unapotaka tangi liishie. Hicho cha mwisho ukipime gari likiwa na mzigo. Nitumie kabla ya Ijumaa, nimpelekee fundi akate chuma.

Nisalimie shemeji na watoto.

Sahibu yako wa Tudor